Mbwa Mwenye Rasta

Everlyn, kitu cha kwanza nilichoona ni misokoto miwili ya nywele nyuma ya sikio la mbwa, imeshikana kwenye mzizi kama rasta za wateja wetu kule saluni Kitale.

Mbwa mzima ana rasta. Nyeupe, mpaka chini.

Msimamizi wetu hapa kazini ughaibuni, Raed, akanipa mashine ya kunyolea. "Yalla, haraka, nyoa zote. Huu ni uchafu."

Nikamwambia sinyoi. Hebu fikiria, Everlyn, mimi huyu. Nilisema sinyoi.

Akacheka. "Wewe ni wa kuosha mbwa tu. Hata shule hukumaliza, utanifundisha nini?"

Nikamwambia madam mwenye mbwa alinieleza asubuhi. Kwao Hungaria huyu ni mlinzi wa kondoo. Wafugaji waliohamia huko zamani kutoka mashariki ndio waliokuja naye. Hizo nywele zinazuia meno ya mbwamwitu, na akilala katikati ya kondoo humtambui. Ukizinyoa, atakaa miaka bila kinga yake.

Raed akachukua mashine mwenyewe. Mbwa hakubweka. Alikuja tu akasimama kati yetu, akamtazama Raed.

Raed akarudi nyuma. "Khalas, basi, fanya. Ukiharibu, kesho usije."

Nilizitenganisha rasta zilizoshikana kwa vidole masaa matatu, moja moja, mpaka kwenye ngozi.

Madam alipokuja akazishika, akauliza nani amefanya kazi nzuri hivi. Raed akajibu, "Sisi hapa." Nami nikainamisha kichwa, unanijua.

Sasa nasema. Ni mimi niliyefanya. Mimi peke yangu.