Pwana Asifiwe ya Mzee Wetu

Nairobi, Jumapili baada ya kanisa

Kwa ndugu yangu Wandera,

Pokea salamu zangu, wewe na nyumba yako. Naomba Mungu muwe mnaamka vizuri hapo Malaba, na kifua cha Mama kiwe kimetulia sasa baridi imepungua. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na ugonjwa huo umetoka kwako, kwa hivyo keti usome mpaka mwisho.

Unajua kazi yangu hapa kwa wachapaji wa mabango. Tangu kompyuta ziingie, mimi ndiye ninayewafundisha wanaoanza kuchora nazo. Kompyuta inapenda kunyoosha kila kitu kama rula, na wateja wanataka kazi inayofanana na ya mkono wa mtu. Basi nawaonyesha wagawe picha katika tabaka, kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine. Chini kabisa inakaa sura ya karatasi yenyewe, iliyochakaa kidogo. Juu yake rangi, na usiijaze sawasawa. Acha ivuke mstari hapa, ipungue pale. Mistari iwe juu ya yote, na itetemeke. Wananiuliza nilijifunza wapi. Nawaambia, kwa baba yangu, akiandika maneno na picha kwenye malori Malaba.

Na unajua kilichonifanya nijifunze. Uliniandikia kwamba mto Nzoia ulipofurika ulibeba sanduku la michoro ya Mzee kule nyumbani Budalang'i, hakikubaki hata kipande. Nililia mpaka jirani akaja kubisha. Mama naye akaomba kitu kimoja tu, mchoro wa Mzee wa kuweka mbele ya programu ya ibada ya kumbukumbu yake. Nikawa nabaki kazini wenzangu wakienda kula, nachora kutoka kichwani yule korongo wake mwenye taji na yale maneno yake, tabaka juu ya tabaka. Brashi ya Mzee ilikuwa ikikauka mwisho wa herufi, inaacha nywele nywele. Hizo nywele zilinitoa jasho.

Na PWANA ASIFIWE. Unakumbuka yule tajiri wa Tororo alipokuja kuchukua lori lake, akakuta Mzee ameandika Pwana badala ya Bwana, vile tunavyotamka sisi watu wa Budalang'i? Mzee alitaka kufuta. Tajiri akakataa: "Wacha tu, mzee. Mungu anajua unatoka wapi." Baada ya hapo kila dereva alikuja akitaka Pwana yake.

Wiki jana mteja mmoja wa sabuni, anayepitia Malaba akienda Kampala, aliniwekea bahasha mezani. Wandera, nilijua kabla sijaitoa yote. Korongo wa Mzee na Pwana Asifiwe, kwa penseli, na alama ya kidole chake chenye rangi nyekundu pembeni. Karatasi kavu, haina hata doa la maji. Mto gani huo unaobeba karatasi bila kuilowesha?

Nilimwuliza ameipata wapi. Akasema amenunua kwa fundi mmoja wa kuandika malori pale Malaba, michoro yote pamoja na haki yake. Nikamwambia aliyechora ni baba yangu. Akacheka kwa upole. "Dada, haiwezekani. Yule fundi aliniambia ni yeye mtoto pekee aliyeachwa na marehemu."

Mtoto wa pekee. Ulipata wapi ulimi wa kusema hivyo? Ungeuza michoro ukaniambia, ningekasirika kisha ningekuelewa, maana najua kazi ya brashi imelala na watoto lazima wale. Lakini umenizika nikiwa hai. Mimi niliyekuwa nikimshikia Mzee mkebe wa rangi wewe ukicheza mpira wa makaratasi huko barabarani. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi hiyo nguo sikuwahi hata kuikung'uta.

Bosi aliniamuru nisafishe mchoro kwenye kompyuta kwa mabango ya sabuni, nigeuze P iwe B, kisha niufanye uonekane tena wa mkono. Nilifanya, nina kodi ya nyumba. Nilichukua B kutoka neno BUSIA alilokuwa ameandika Mzee pembeni, nikaiweka tabaka la juu. P yake iko chini, nimeificha, sikuifuta. Mabango hayo yatafika mpaka kuta za hapo Malaba na utayaona.

Mama namletea ule niliouchora kutoka kichwani, na nitamwambia wazi kwamba ni mkono wangu. Akiuliza habari za sanduku, mjibu wewe. Mimi sitamwambia kabla yako, na sitakusaidia kudanganya.

Msalimie Mama, mwambie anywe dawa hata kama ni chungu. Msalimie wifi yangu, sina neno naye. Mjomba naye mwambie nimepata miwani yake. Watoto waambie shangazi yao anawapenda, kama umewaambia kwamba wana shangazi.

Siku ya kumbukumbu pasta atawaita watoto wa marehemu wasimame mbele ya watu. Nitakuja. Ukisimama, nami nitasimama kando yako, halafu wewe ndiye utakayewaambia waliokaa mimi ni nani.

Ni mimi Nabwire,
binti wa baba yako.