Jina Lako Mdomoni mwa Duara

Mdogo wangu Masanja,

Ni mimi kaka yako, bado niko Katoro, bado nalipua miamba kwenye duara lile lile, shimo letu la dhahabu, ulilolikimbia. Huu mwezi wa tatu tangu bahari ikuchukue, na sijui hata barua hii niipeleke wapi, maana kaburi huna.

Mimi ndiye niliyekuambia uondoke. Siku ile kifusi kilipokufunika hadi kiunoni, nilikuvuta nje nikakufokea, "Achana na mashimo, wewe! Nenda ukawe baharia, huko hakuna mwamba wa kukuangukia." Ukacheka, meno yamejaa vumbi. Mjinga mimi.

Mwenzako wa melini aliyenusurika alinipigia simu. Alisema nchi mliyokuwa mkipita karibu nayo ilikuwa vitani, inalinda pwani yake dhidi ya manowari. Ndege yao ikaachia kombora ikiwa mbali sana, hamkuiona wala kuisikia. Kombora likashuka, likaja chini chini juu ya mawimbi, na rada ilipolinasa mlikuwa mmeshachelewa. Eti walidhani ninyi ni manowari ya adui. Mlibeba saruji, Masanja. Saruji!

Nilipokwenda nyumbani Mhunze kumwambia Mama, hakulia kwanza. Unamjua, mjane wa mchimbaji. Aliniuliza, "Ng'wanawane, mwanangu, kabla ya mlipuko, walimwita jina?" Anajua sisi hatuwashi utambi mpaka kila aliyeshuka aitwe kwa jina lake, na aitikie akiwa juu. Nikamjibu, "Walimwita, Mama." Hapo ndipo akalia. Nimemdanganya mama yetu, na uongo huo hauniachi nile wala nilale.

Jumatatu nilikuwa mdomoni mwa duara naita majina. Ulimi ukateleza: "Masanja!" Kiberiti ninacho mkononi, nikashindwa kuwasha. Nililia, mdogo wangu, mbele ya wanaume wote wale. Kisha Mzee Hamisi, yule uliyekuwa ukimtania kwa kikohozi chake, akaitika kwa niaba yako: "Ameshatoka! Washa."

Nikawasha.

Pumzika sasa. Jumapili naenda Mhunze kumwambia Mama ukweli, kwamba kule baharini hakuna aliyekuita. Anipige akitaka. Halafu nitamwambia kwamba hapa Katoro unaitwa kila tunapolipua, wa kwanza kabla ya wote, na mimi kaka yako siwashi utambi mpaka mtu akuitikie.