Makaa Yaliyorukia Sumaku

S.L.P. 38,
Masalani.
3 Februari 2025

Mpendwa adeer Idil, mtoto wa ndugu yangu,

Assalamu aleikum warahmatullah. Hujambo huko Ujerumani? Kifua kimepona? Unakula, au ni mikate tu? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila goti langu la kushoto. Mvua imekataa, lakini ng'ombe wangu wamenona kuliko wa mtu yeyote Ijara nzima. Usiulize wengine.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kisomali nakisema, kukiandika sikufunzwa. Darasa la gumbaru, la watu wazima, lilinipa Kiswahili.

Barua yako ya utafiti wenu nimeisoma siku tatu, nikaelewa. Unachukua kaboni, ndugu ya makaa, mashine inaipiga kwa ioni, zile chembe zenye umeme, zinazama ndani, nayo inakuwa sumaku bila chuma. Basi nikang'oa sumaku ya redio mbovu, nikachukua makaa ambayo mke wangu Shamis anafukizia vyombo vya maziwa, nikayaponda. Wallahi, unga uliruka ukashika! Nikaenda hoteli ya chai kuwaambia wazee kwamba mimi hata mashine sikuhitaji.

Niliporudi Shamis akauliza, "Mzee, umeponda na nini?"

"Na shoka."

"Lile lenye kutu?"

Nikaponda mengine kwa jiwe. Hata punje moja haikuruka. Nilijichukia mpaka chakula kikanishinda.

Sasa lile la mwisho la barua yako. Vipande mlivyoshika kwa kibano cha chuma vina sumaku, vya kibano cha plastiki havina. Na mkubwa wako anasema andika vile vya kwanza tu, nyamaza, la sivyo nafasi yako mwaka ujao hakuna. Tfu! Huyo ni yule wa kulisha kondoo chumvi na kuwajaza maji asubuhi ya soko, ili wauzwe kwa tumbo. Nimekaa soko la mifugo Garissa miaka arobaini, watu wa namna hiyo nawajua kwa kunusa. Wananuka.

Unaniuliza ufanye nini, na unaogopa kurudi mikono mitupu. Labda ioni zinafanya kazi, labda hazifanyi. Wewe ndiye utajua. Lakini ponda kwa jiwe kwanza, adeer.

Mimi nilirudi hotelini. Nikasimama mbele ya wale wale nikasema ilikuwa kutu ya shoka. Walicheka mpaka adhuhuri. Kerrow, mwenye meno mawili, sasa ananiita Profesa Shoka. Chai ilikuwa chungu kama dawa ya minyoo, nikainywa yote mbele yao. Kama mimi nimeweza, na unanijua, wewe utashindwaje? Andika vyote viwili. Wakikufukuza, njoo. Chumba chako kipo, na hapa hakuna atakayekucheka ila mimi.

Shamis anakusalimu sana, na shangazi yako Timiro pia. Mungu akupe kifua kizima na mkono usiotetemeka ukiandika.

Ni mimi adeer yako, ndugu wa baba yako, akupendaye,
Abdilatif Abshir

Hilo shoka nimelitupa mtoni.