Alama Mbili za Kidoti

Dada mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Goti linaendeleaje? Natumaini umeacha ubishi na dawa unakunywa kwa wakati. Mimi ni mzima, na kazi hapa ofisi ya mitihani inakwenda.

Barua yako niliipata juzi. Nimeisoma mara tatu, na matusi yote nimeyaona. Unataka kujua ni nani huyo asiye na haya aliyemnyima binti yako Kidoti nafasi ya chuo cha uuguzi kwa alama moja tu, wakati minong'ono ilishaenea kwamba waliofanya mtihani mchana wataongezewa sita. Kaa nikueleze, maana hili nalijua kuliko mtu yeyote hapa.

Ukumbi wetu ni mdogo, kwa hiyo nusu ya watahiniwa walifanya asubuhi na nusu mchana, kila kundi na karatasi yake ili wasipeane majibu. Ya mchana ilitoka ngumu, na wastani wao ukawa chini kwa alama sita. Bosi wetu, ambaye ikifika saa tisa huwa ameshashika mkoba, akasema waongezwe sita wote, watu waende nyumbani.

Nikamwambia hapana. Katikati ya maswali mengine, karatasi zote mbili zina ishirini yaleyale, neno kwa neno. Tunayaweka makusudi, ili tuwe na kipimo kimoja cha kuwapimia wote. Hata kwenye hayo, watu wa mchana walikuwa nyuma. Kumbe si karatasi peke yake, na wenyewe walikuja wamejiandaa pungufu kidogo. Nilipiga hesabu siku mbili, nikarudia kwa mkono, maana kompyuta ya hapa sina imani nayo. Ugumu wa karatasi ni alama nne. Mbili zilizobaki ni zao wenyewe. Bosi alinuna, akaniita kichwa ngumu mbele ya makarani, lakini kosa hakulipata.

Na nafasi ni za kuhesabu, dada. Ukimwongezea wa mchana asichostahili, kuna wa asubuhi anaachwa nje hivi hivi, bila kosa lolote.

Kidoti alipata hamsini na tano, na anayefaulu ni wa sitini. Kwa sita angeingia. Kwa nne ana hamsini na tisa.

Sasa nikwambie. Hesabu hiyo ni yangu, na sahihi iliyo chini yake ni yangu. Wala usidhani sikujua. Kabla ya kusaini nilifungua orodha, nikaitafuta namba yake, nikaiona. Yule mtoto ananiita mama mdogo! Nilijifungia chooni nikalia mpaka kwikwi ikanishika. Kisha nikanawa uso, nikarudi mezani, nikasaini nne. Hata leo ningesaini nne.

Mtihani mwingine ni baada ya miezi sita. Anayeshughulikia mitihani haruhusiwi kumfundisha mtahiniwa, kwa hiyo jana nimeomba wanitoe kwenye mitihani wanipeleke masjala, nikapange mafaili. Bosi amefurahi huyo, amekubali papo hapo! Kuanzia Jumamosi hii nitakuja kila wiki na vitabu. Kidoti usimwambie kitu, nitamwambia mwenyewe.

Msalimie shemeji. Na kama hutaki kunifungulia mlango, sawa, nitolee mtoto tu. Tutasomea kibarazani.

Ni mimi mdogo wako,
Kichwa Ngumu