Aliyejifungia Mtini

Wodi ya wazazi, Same
Desemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, presha imetulia, na goti halikusumbui sana unapopanda kwenda kanisani. Anakuletea Justa, tuliyelala naye kitanda kwa kitanda. Ameruhusiwa leo na anapita hapo Msangeni. Ningeweza kupiga simu, lakini nikisikia sauti yako tu nitalia, nisimalize.

Ndiyo, Mama, nilishika mimba tena, nikakuficha. Ile ya pili ilipotoka ulilazwa kwa ajili ya presha, nami nikaapa kwamba hutasikia habari nyingine mpaka kuwe na cha kupakata. Ndiyo sababu sikuja kwenye kipaimara cha mtoto wa kaka Godwin. Najua watu walisema nimeota kiburi. Nilikuwa nimelala.

Daktari alinishona mlango wa kizazi, akaniambia nirudi Vudee nilale, nisinyanyue hata ndoo. Loth akasogeza kitanda dirishani. Mama mkwe hakuelewa. Alisimama mlangoni akasema yeye alimzaa Loth akitoka kuchimba tangawizi, sasa huu ugonjwa wa kulala umetoka wapi?

Wiki hiyohiyo nilimwona ndege, hondohondo jike mwenye mdomo mkubwa, akiingia kwenye tundu la mti wa mringaringa ulio nyuma ya nyumba. Dume alimletea udongo, naye akawa anaziba mlango kwa ndani, mpaka ukabaki ufa wa kupitisha mdomo tu. Nilidhani amejizika. Dume alikuja na matunda asubuhi, mchana na jioni. Jike alitoa mdomo, akala, akanyamaza. Basi. Nilimchukia, Mama, kwa jinsi alivyoweza. Mimi nililia mpaka mto ukanuka. Kulala huku unangoja mtoto afe tumboni ni kazi kuliko kulima.

Siku moja nilishusha miguu chini. Nilitaka nikachukue jembe, liwalo na liwe. Mvua ilikuwa kubwa, na dume alikuwa amechelewa. Nilisimama nimeshika dirisha, nikaona ncha ya mdomo wa jike imetokeza kwenye ufa, haitikisiki. Alikaa vile muda mrefu sana. Dume alipofika, amelowa chapachapa, aliukuta palepale. Nikarudisha miguu kitandani.

Tangu hapo nilianza kuwatazama kwa makini, nikakumbuka kwamba udongo wao waliuchukua mapema, mvua kubwa hazijaanza. Nikamwita Loth, nikamuuliza barabara ikikatika tutapita wapi. Alicheka. Kisha akatazama mlima, akaacha kucheka. Kesho yake alikata miti akatengeneza machela, akazungumza na vijana wa kwaya, na Eliamini mwenye gari akakubali kutungoja upande wa chini siku yoyote. Nami nilifunga khanga zangu na kadi ya kliniki. Mama mkwe aliiona machela nyuma ya mlango. Jioni alileta uji mwenyewe, akakaa kitandani mpaka nikaumaliza.

Uchungu ulikuja mapema mno, miezi saba haijatimia. Mlima ulikuwa umeporomoka barabarani, hata pikipiki haipiti. Vijana walinibeba kwenye tope. Mama mkwe alitangulia na panga akikata matawi, na kila nilipopiga kelele alijibu bila kugeuka, “Vumilia, mwanangu. Usisukume. Tunakaribia.” Hatukuwa tunakaribia. Lakini gari la Eliamini lilikuwepo, na tulifika hapa nikiwa hai. Yule ndege nilimwacha bado yuko ndani. Sijui habari zake.

Mama, kuna neno nimelizungukazunguka tangu nilipoanza kuandika. Walikuwa wawili.

Wa kiume alitangulia. Alilia kidogo, sauti ya paka, akaishi mpaka kulipopambazuka. Loth alimfunga kwenye kitenge akampandisha Vudee. Wamemzika karibu na babu yake, mimi nikiwa hapa.

Wa kike yuko kifuani pangu ninapoandika, ngozi kwa ngozi, kama walivyonifundisha. Kiganja chake hakitoshi kushika kidole changu. Mara nyingine anasahau kupumua, nami namsugua mgongo mpaka akumbuke. Naogopa kusinzia. Nimemuuliza daktari kama atapona. Amesema tuombe, akaenda kitanda kingine.

Mama mkwe anakusalimu sana. Analala sakafuni pembeni yangu, na nikizidiwa na usingizi ndiye anayemsugua. Nisalimie kaka Godwin na mkewe, na kina mama wa jumuiya, uwaambie wamkumbuke katika maombi.

Kila asubuhi wauguzi wananiuliza jina la mtoto. Sijawapa. Naogopa kumwita halafu asiitike. Leo nimewaambia bibi yake yuko njiani, ndiye atakayempa jina.

Usinifanye niwe mwongo, Mama.

Mwanao,
Blandina