Radhi za Kwenda Kupanda Pembea

Ibra, Alkhamisi baada ya laasiri

Dada yangu Zeyana,

Shikamoo. Ningekuwa hapo ningekushika miguu khasa, lakini najua wa kushoto unakuuma, kwa hiyo ningeushika wa kulia tu. Vipi hali yako? Vipi presha? Na yule paka wako mwizi, bado yu hai, au majirani wameshachoka naye? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila joto linatutia adabu. Meno yangu ya chini yanazidi kuhama, na yaliyobaki yamekaa mbalimbali kama watu waliogombana.

Barua hii anakuletea Badru, mume wa Shariffa wetu, anakuja huko kumtazama mama yake. Nimeiandika kwa mkono wangu, usinicheke khati. Unajua mimi chuoni, kwa mwalimu wa msahafu, nilitoka bakora hazijaisha. Ningekupigia simu, lakini kwa simu wewe husikii, na siku ukisikia basi nyumba nzima imesikia. Na humu mna jambo sitaki nyumba nzima ilisikie. Badru akitaka kukusomea mwambie ahsante, kisha vaa miwani usome mwenyewe.

Nakwambia mapema ili usiruke mistari: nataka uje. Tunakwenda Dubai, kwenye malahi, yale mahala ya mapembea makubwa makubwa, sisi wazee watupu bila ya mtoto hata mmoja. Gari ya Salum tumeipangia watu wanne. Watatu tumeshakaa. Nafasi ya nne ni yako, na hapa mjini Ibra kila mtu anaitolea macho. Mimi nimeikalia kama kuku.

Sasa utauliza, wazee wazima mapembea ya nini? Sikiliza. Safari iliyopita tulichukuliwa na Nasir mwanangu, ati "Baba, twende ukafurahi na wajukuu." Tukaenda. Tangu asubuhi mpaka magharibi, mimi na Moza tulikaa juu ya benchi la chuma tumeshika viatu. Anakuja mmoja, "Babu, nishikie." Anakuja mwingine, "Bibi, nishikie." Viatu, kofia, maji, sharubati iliyonywewa nusu. Wao juu wanapiga makelele, sisi chini tunalinda ndara. Moza akanitazama akaniambia, "Mume wangu, hawa wametuleta tufurahi au wametuleta tuwe kabati?" Pale pale nikaapa: nikirudi hapa, sirudi na mtu wa kumshikia kiatu.

Nikamwambia Salum. Salum ni yule rafiki yangu wa mji wa Al Kamil, mzaliwa wa Bujumbura, mnene, mjane, anacheka mpaka gari inatikisika. Akasema, "Mzee, hiyo ni programu! Tusiseme sana, tuanze mipango." Akapiga simu huko huko kwenye malahi, akaiweka sauti kubwa tusikie sote.

Kijana wa huko akauliza, "Watoto wangapi?"

"Hakuna."

"Wajukuu?"

"Wako kumi na wanne. Hatuwaleti."

Kijana akasema kwa adabu, "Mzee wangu, mnakuja kumtazama nani akicheza?"

"Tutatazamana sisi kwa sisi," akasema Salum.

Nasir aliposikia akaja juu. "Baba, watu watasema nini? Angalau mchukueni Ilham awaangalie." Ilham ni binti yake, mtoto mwema, lakini ana viatu. Nikamwambia hapana. Kesho yake akatuletea karatasi ya masharti aliyoichapisha kazini kwake, makusudi ya kututisha. Ati asipande mwenye presha, wala mwenye moyo, wala mwenye mgongo, wala mwenye shingo, wala mwenye mimba. Moza akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Alhamdulillahi, moja hatuna."

Basi tukapanga kama watu wa serikali. Mapembea ya kupinduliwa atapanda Salum peke yake, maana yeye daktari kamkuta mzima kila pahala isipokuwa tumbo. Mimi na Moza lile gurudumu kubwa la taratibu, na treni inayoingia ndani ya maji. Meno ya bandia yatavuliwa kabla ya kupanda, yatiwe kwenye mkoba, na kila mara mmoja wetu abaki chini awe mlinzi wa meno. Hapo Moza akaleta la kwake.

"Kwenda nitakwenda," akasema. "Lakini kuning'inizwa juu angani na watu hawajanisamehe, sipandi. Ikikatika je?"

"Haikatiki."

"Umeitengeneza wewe?"

Na kweli, Dada, sisi tumelelewa hivyo, mtu hatoki mjini bila ya kuaga na kuomba radhi. Nikavaa kanzu safi, nikachukua bakora, tukapita mlango kwa mlango. "Tunasafiri inshallah, kama tumekukoseeni tuwieni radhi." Tulikosea kitu kimoja tu: hatukusema tunakwenda wapi. Na nani atamwona mzee wa miaka sabini na tatu na mkewe wanaomba radhi mlango kwa mlango, akadhani wanakwenda kupanda pembea?

Haikufika magharibi mtaa mzima umeshatupeleka Makka kwenye Umra.

Mimi nilikuwa sina khabari. Niliona tu watu wamekuwa wapole ghafla. Jirani mmoja akaniletea mwavuli mweupe, nikasema kweli, Dubai jua kali. Kinyozi akaninyoa ndevu, kichwa akakiacha, ati "Kichwa watakunyoa huko huko." Nikadhani Dubai wana vinyozi mabingwa. Wanawake wakamjia Moza na vikaratasi vya kuombewa dua, huyu binti yake aolewe, huyu mwanawe apate kazi, huyu magoti. Moza anavitia mkobani, mle mle mwa kutilia meno, na yeye anadhani watu wamekuwa wacha Mungu tu.

Akaja Hamed. Huyu shamba lake la mitende limepakana na langu, na sote twanywesha kwa falaj moja, ule mfereji wa maji ya zamu: leo saa zako, kesho saa za mwenzio. Miaka mitano mitende yangu ya mwisho inasinyaa. Nimewalaumu panya, nimelaumu jua, nimemlaumu hata mkulima aliyeniuzia miche. Hamed akakaa, akanywa kahawa. Kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, na cha tatu hakukitikisa kuonyesha kuwa basi, imemtosha. Nikajua ana jambo.

"Ami," akasema, machozi yanamlenga, "zamu yako ya alfajiri nilikuwa nikiifungua mimi. Nusu saa. Kila zamu. Nisamehe, na ukifika mbele ya Kaaba unitaje."

"Mbele ya nini?"

"Ya Kaaba, Ami."

Nikamtazama Moza. Moza akatazama sahani ya tende kama kwamba imeandikwa kitu. Hamed akanibusu kichwa, akaondoka mwepesi kama mtu aliyetua gunia, na gunia lenyewe akaniachia mimi.

Nikampigia Salum. Akacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akasema, "Wewe kaa kimya, bwana. Tukirudi tunagawa tende, tunasema ni za Madina."

Moza akaninyang'anya simu. "Salum, dhambi ya pembea hatujaifanya bado, wewe unatuongezea ya tende!"

Nilikaa kimya siku mbili, nakuficha nini. Na siku mbili zile halwa ilikuwa haina ladha. Kila nikipita watu wananiombea dua, nami naitikia amin kama mwizi anayeshukuru mlinzi. Siku ya tatu nikenda sabla, ile nyumba ya baraza la mtaa, wanaume wote wamekaa, nikasimama, nikasema, "Jamaa, mimi siendi Makka. Naenda Dubai kupanda pembea. Radhi niliomba kwa sababu Moza anaogopa isikatike."

Hamed akainuka. "Basi nirudishie maneno yangu!"

"Siwezi, nimeshayasikia."

"Yasahau!"

"Mimi nayasahau. Mitende itasahau?"

Watu wakaanza kukohoa, kile kikohozi cha kuzuia kicheko. Wote tukamtazama mkubwa wa sabla, mzee wa miaka tisini na ushei, hakuna asemaye kabla yake. Akapapasa ndevu.

"Hiyo pembea," akauliza, "inazunguka kabisa?"

"Kabisa, Sheikh. Inapanda mpaka juu inarudi."

"Na mtu haanguki?"

"Anafungwa mkanda."

Akaigonga bakora yake chini. "Na bakora wanaruhusu kupanda nayo?"

Basi pakawa hapana sabla tena, pakawa soko. Huyu anauliza bei, huyu anauliza kama wanawake wanakaa mbali. Vile vikaratasi Moza alivirejesha kwa wenyewe, nyumba kwa nyumba. Watatu walikataa kuvichukua, wakasema dua ni dua, avisome hata huko juu, tena huko ni karibu zaidi. Na Hamed alinifuata nje, uso umemshuka, akasema, "Nusu saa zako utazipata tangu kesho, Ami, na zangu juu yake mpaka mitende isimame. Lakini nafasi ya nne nipe mimi."

"Ina mwenyewe."

"Nani?"

"Dada yangu, yuko Unguja."

"Ana haki gani kunishinda mimi jirani yako?"

Hapo, Dada, ulimi wangu, unaoujua wewe, uliopigiwa bakora na walimu watatu ukawa haukomi, ulikwama. Kwa sababu nimezunguka mji mzima naomba radhi za mambo ya kijinga, kuku aliyevuka, gari iliyoziba mlango, na mmoja sikumwomba. Na Hamed, mwizi wa maji, alikuwa na moyo kunishinda.

Wakumbuka Idi ile ya mwanzo uliyotiwa ndani. Mimi nina miaka tisa, kanzu mpya, kofia imenizidi kichwa. Wewe mwezi mmoja nyuma ulikuwa ukinishinda mbio, mara wakasema umekuwa mkubwa, basi, hakuna kutoka. Ukaniita ngazini. Ukaniambia, "Nenda kamwombe Baba. Mara moja tu. Nitavaa buibui la Bibi, nitapanda pembea mara moja nirudi. Wewe hakukatalii kitu."

Nikashuka. Baba yuko barazani na wageni, uso mkunjufu, siku ya Idi hiyo. Ngoma za Mnazi Mmoja, kwenye uwanja wa sikukuu na mapembea, nazisikia. Nikafikiri, akikubali nitaambiwa nikupeleke mimi, nikushike mkono mchana kutwa, nikungoje, nikulinde. Mimi nilitaka kwenda bila ya mtu wa kumshika mkono. Nikasimama nyuma ya mlango nikahesabu mpaka kumi, nikapanda ngazi, nikakwambia, "Baba kakataa."

Hukulia. Ulinitengeneza kofia, ukaniambia nenda, utachelewa. Na pembea lile la masanduku lilipofika juu kabisa niliona dirisha letu, na kanga yako nyeupe imesimama pale. Kila likizunguka, kanga ipo.

Baba hakukataa, Dada. Baba sikumwuliza.

Miaka yote hii, ukimtaja marehemu husema, "Baba alikuwa mwema, ila pembea alininyima." Mzee wa watu yumo kaburini anabeba kosa langu, nami nakusikia na kunyamaza. Sasa umejua. Ukitaka kunitukana una haki, na matusi ya Kiunguja nimeyakosa sana huku, watoto hawa hawayajui. Lakini nitukanie garini. Karatasi zako za kuingia huku na Dubai Nasir kasema atazishughulikia, wewe mpe Badru nakala ya pasi na jawabu lako, ndiyo au hapana. Goti lisiwe sababu, pembea hupandwa kwa kukaa. Mlinzi wa meno nitakuwa mimi safari nzima, na viatu vyako nitavishika mimi.

Nisalimie Bi Nunu, somo yako, mwambie bado nakumbuka alivyonichapa kwa upawa. Nisalimie mwanao Abdalla na mkewe, na yule mkwe wenu wa Pemba anayekula bila kusema. Shangazi yetu Bi Raya nipigie magoti kwake, lakini ya pembea usimwambie, atataka kuja. Moza anakusalimu sana, anasema lete kanga pea mbili na udi. Salum hamjuani, anakusalimu vile vile, na anauliza kama wewe ni mjane. Nimemwambia atazame njia.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kofia kubwa,
Khalfan

Nilisahau jambo la kukaa garini. Moza anataka dirishani, nimempa. Wewe dirisha limekutosha. Wewe utakaa mbele.