Kipenga Kilipolia Biharamulo

Mpendwa kaka,

Kengele ya refa ninayo mimi sasa. Ni ileile ya chuma iliyovuliwa shingoni mwa ng'ombe, ambayo ulikuwa ukiicheka kila unapoingia golini: "Leo tunacheza mpira au tunachunga?" Kambini kipenga kilikuwa na maana moja tu: ndege za adui zinakuja, ruka handakini. Kwa hiyo msimu wote wa vita timu yetu ilicheza kwa kengele, na vijiji vya ujamaa vilivyokuja kucheza nasi vikazoea.

Mama alishukuru sana nilipopangiwa ukarani wa stoo katika kambi yako. Alidhani utanilinda. Hukumwambia kwamba mdogo wako aliyesoma alikuwa akishtuka hata mlango ukibamizwa. Kila malori yalipoondoka kwenda mstari wa mbele, yalibeba na wachezaji, na Jumamosi iliyofuata jezi zilezile zilivaliwa na watu wengine. Wewe ulibaki golini hadi nikaanza kuamini kuwa umesahauliwa. Kisha jina lako likasomwa. Nilitaka kitu kimoja tu kabla hujaondoka: unifundishe namna ya kutoogopa. Nikashindwa kukuuliza.

Mechi yako ya mwisho walikuja vijana wa kwetu, Rulenge. Askari walikuwa wakikutania: "Koplo, ndugu zako hao, usiwaachie goli." Refa alikuja nao, mwalimu mpole, na kengele alikabidhiwa. Lakini beki wetu alipomwangusha mtu mbele ya goli lako, mwalimu yule alisahau. Akachomoa kipenga mfukoni, akakipuliza kwa nguvu zake zote.

Kaka, uwanja ulimezwa na ardhi. Makamanda, wapishi, wachezaji wetu, sote tulikuwa chini. Mimi nilitangulia. Wageni walibaki katikati ya uwanja wakitazamana, hawajui wenzao wamekwenda wapi.

Niliponyanyua kichwa nilikuona ukikimbia, lakini si kuelekea handakini. Ulikuwa ukienda kwa yule bibi muuza ndizi, aliyekuwa amekaa kando ya uwanja bila kujua lolote. Ulimbeba kwa mkono mmoja, naye akawa anakupiga mgongoni: "Ndizi zangu, we mtoto, ndizi zangu." Ukageuka. Ukarudi kuchukua kapu. Wakati huo sote tulijua ndege ziko juu yetu, nawe ulijua hivyo hivyo, ukarudi kuchukua ndizi za watu.

Mlitua karibu nami. Bibi alijipangusa vumbi, akauliza, "Kwani nani ameshinda?"

Ndipo nikakuuliza lile swali, kwa kunong'ona. "Kaka, wewe huogopi?"

Uliuchukua mkono wangu ukauweka gotini kwako. "Shika uone." Goti lilikuwa likitetemeka kuliko langu. "Magoti yangu huwa hivi siku zote," ukasema. "Hata mpira ukija. Mimi nayaburuta tu."

Kisha ikajulikana hakuna ndege, vicheko vikaanza juu yetu, mwalimu akawa anaomba radhi kwa kila mwenye cheo, nawe ukapanda kwenda kusimama mbele ya penalti kwa magoti yaleyale. Ulifungwa. Wakakuzomea: "Afande, tukujengee goli handakini?" Ukacheka kuliko wao. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nakutazama kama mtu anayeuona mlima wa kwao kwa mara ya kwanza.

Kesho yake malori yaliondoka. Mlivuka Mto Kagera, na habari yako ikatufikia kabla ya barua yako.

Vita vimekwisha, kaka. Jumamosi iliyopita timu yetu ilicheza tena, na sasa kipenga kimeruhusiwa. Kilipolia mara ya kwanza, nusu ya uwanja ilijitupa chini, ingawa sote tulikuwa tumeambiwa. Mimi nilijikuta nimesimama, kisha natembea, na nilipofika kwa yule bibi muuza ndizi nikajikuta nimeshika kapu lake. Bibi aliniangalia bila kushangaa. Nikamwamkia. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Keti, unatetemeka."

Kweli nilikuwa natetemeka. Lakini magoti yalikuwa yamenileta kwake.

Pumzika, kaka. Mengine nitayaburuta mimi.

Mdogo wako,
karani wa stoo